Waya wa Pima Kumi na Mbili

Biliqo, Isiolo
Jumatatu, baada ya sala ya alasiri

Mama yangu,

Shikamoo. Salaam aleikum wewe na kila aliyekaa nawe hapo ukumbini. Juma, ndugu yangu, najua ni wewe unayesoma, kwa hiyo nakusalimu na wewe, na nakuomba mambo mawili: usisome mbio kama unafukuzwa, na usirukie mwisho. Nakujua tangu darasa la pili.

Mama, u mzima? Siulizi kwa kuwa ndivyo barua zinavyoanza. Nauliza kwa kuwa sijui, na kutojua huku kunaninyima usingizi. Mlingoti wa simu wa hapa umezimika tangu mvua ianze, hii ni wiki ya tano. Mwanzoni walisema ni betri, sasa hawasemi kitu. Magoti vipi? Kifua? Unakula vizuri? Mimi mwilini sina neno, alhamdulillahi. Sababu ya maswali haya iko mwisho wa barua, nayo haitaeleweka bila ya haya ya katikati, kwa hiyo nivumilie.

Kazi inakwenda. Darasa langu la sayansi lina watoto arobaini na mmoja, na wakihama na mifugo hubaki kumi. Kiswahili cha huku ungekisikia ungecheka, Mama. Ngeli wameziacha njiani. Lakini wana adabu na wana maziwa, na mgeni hawamwachi akala peke yake. Mimi mwenyewe siku hizi najikuta nikisema "hii kitu". Mtu haishi kwa watu bila kuambukizwa.

Redio ya Baba unaikumbuka, ile uliyokuwa ukiiita mke mwenzio. Nilikuja nayo huku. Jioni nikitoka shule ninaifungua, nasalimiana na watu wa mbali, kama Baba alivyokuwa akifanya ukimwambia chai inapoa. Antena nimejitengenezea kwa namna yake. Ni waya mmoja tu mwekundu, pima kumi na mbili za mikono yangu na shibiri moja juu, na mwishoni kijisanduku cha sabuni chenye kipete cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba. Unafunga jiwe kwenye kamba, unarusha juu ya mti, unauvuta waya, umemaliza. Waya huo huo mmoja unashika bendi nne bila kuguswa: meta arobaini kwa majirani, ishirini na kumi na tano kwa watu wa mbali, na kumi kwa siku ya bahati. Ukiukunja unaingia kwenye mkoba. Baba alikuwa akisema waya ukate mwisho, kwa sababu uliozidi unapunguzika na uliopungua haurefuki. Nilikata kidogo kidogo, kiasi cha ncha ya ukucha, mpaka mshale wa kipimo ukatulia.

Huo wa kwanza ulikuwa wangu. Wa pili nilimtengenezea Galgalo.

Galgalo alikuwa dereva wa lori hapa Biliqo. Alipeleka mbuzi mjini Isiolo na kurudi na unga, sukari na mafuta ya taa. Mtu mrefu, mcheshi, mwenye mke mmoja aitwaye Tume, ambaye Galgalo alimwogopa kuliko askari wa barabarani. Siku ya kwanza alinikuta nimekaa nje na spika ya masikioni, akasimama akanitazama muda.

"Mwalimu, unaongea na nani?"

"Na mtu wa Uhabeshi."

"Na hiyo waya tu? Yeye anakujua?"

"Hanijui."

"Basi hiyo ni maneno ya bure," akasema. Kesho yake akarudi kutaka kufundishwa.

Alijifunza kwa miezi minane, akafanya mtihani, akapata leseni yake ya redio. Nikampimia waya ukutani mwa darasa, pima kumi na mbili na shibiri, yeye ameshika ncha moja na mimi nyingine. Akanunua redio ndogo ya kutumia betri ya lori. Tukapatana kwamba kila siku atakayokuwa njiani, saa kumi na moja na nusu jioni, ataniita kwenye meta arobaini, na mimi nitampelekea Tume habari kwamba amefika au amekwama. Njia zile hazina simu hata mlingoti ukiwa mzima.

Hapa ndipo na wewe unapoingia, Mama. Wewe ndiye uliyenilea kwamba jua likizama nikisikia jina langu nisiitike mara ya kwanza. Mwenye mwili ataita tena. Kisicho na mwili huita mara moja tu, na ukikiitika kimekupata. Nilikuwa na miaka sita uliponifinya sikio kwa kuitika haraka, na finyo hilo sijalisahau. Nilimweleza Galgalo, nikidhani atanicheka. Hakucheka. Akasema bibi yake naye alikuwa hivyo hivyo, na kwamba huku porini mchungaji haitiki wito mmoja hata awe amepotelewa na ngamia. Nikamwambia basi tuna bahati, maana kanuni ya redio ni kuita mara tatu. "Ukiniita, sema Riziki, Riziki, Riziki, hapa ni Galgalo. Ukisema mara moja nitajua wewe si mtu." Tukacheka wote wawili. Mwaka mzima aliniita mara tatu tatu, hakukosea hata siku moja, na akimaliza husema, "Mimi ni mtu, mwalimu, jibu."

Wiki tatu zilizopita, Jumatano, aliondoka na mbuzi thelathini na abiria mmoja, bibi wa hapa anayeitwa Akko Dabo, aliyekuwa akienda kwa binti yake Bulla Pesa, mjini Isiolo. Akko ndilo neno lao la bibi. Jioni ile aliniita vizuri. Akasema mvua imeharibu barabara ya kawaida, atapita njia ya mkato ya kutokea Ngaremara, na kwamba amevuka laga ya kwanza. Laga ni mto wa mchanga. Miezi yote ni mkavu, mvua ikinyesha milimani unajaa kwa saa moja.

Alhamisi nilikaa tena kwenye kiti changu. Saa kumi na moja na nusu ikafika. Mngurumo tu, na radi za mbali zikikwaruza. Halafu nikasikia:

"Riziki."

Mara moja. Ilikuwa sauti yake, lakini bapa, haina kicheko ndani yake, wala haikufuatwa na hapa ni nani. Nikaganda, kidole juu ya kitufe. Mama, nitakwambia ukweli kwa sababu sijamwambia mtu mwingine: nilitaka kuitika, na sikio langu likauma pale pale uliponifinya. Nikangoja ya pili. Nikasoma Audhubillahi. Nikangoja mpaka adhana, na ya pili haikuja. Nikajiambia ni mawimbi. Baba alikuwa akisema kuna sauti zinazozunguka dunia na kurudi zimechelewa. Lakini alisema sekunde chache, hakusema siku nzima. Nikazima, nikaenda kuswali.

Ijumaa, saa ile ile, kwa sauti ile ile: "Riziki." Mara moja, kisha kimya.

Nikaenda kwa Tume. Nilimkuta akifukiza kibuyu cha maziwa, moshi umejaa nyumba nzima. Nikamuuliza kama ana habari ya mumewe.

"Mvua kama hii lori inakaa huko hata wiki," akasema. "Yeye iko na mbuzi, hawezi kufa njaa. Kwani hajakuita?"

"Ameniita. Mara moja moja."

Akaacha kutikisa kibuyu. "Na wewe ulijibu?"

"Sikujibu."

"Ulifanya vizuri," akasema, akaendelea na kazi. Lakini aliponisindikiza alitembea nami mpaka uani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumamosi sikutaka kufungua redio. Nilifua, nikapika, nikafagia uwanja uliokuwa safi. Ilipofika saa kumi na moja na nusu nikajikuta nimekaa. "Riziki," ikasema. Ndipo nikahesabu. Alhamisi moja, Ijumaa moja, Jumamosi moja. Galgalo ameniita mara tatu. Nikabonyeza kitufe, nikasema nipo, nipo, Galgalo, uko wapi. Sikupata jibu. Nikatoka mbio bila viatu hadi kwa kaka yake mkubwa, Godana, anayefuga ngamia.

Alfajiri tuliondoka watu watano na ngamia wawili. Walitaka nibaki, nikakataa. Tulilikuta lori adhuhuri, katikati ya laga mbili zilizojaa, tairi za nyuma zimemezwa na mchanga. Mbuzi walikuwa wametawanyika, wakila majani. Akko Dabo alikuwa amekaa kwenye kivuli cha lori, mzima, na mkononi ana kikombe cha maziwa ya mbuzi. Kando yake kulikuwa na turubai ya kijani iliyofungwa vizuri, na ndani yake alikuwa Galgalo.

Akko hakulia. Alitusimulia kwa utulivu, na mimi nakuandikia kama alivyosema.

"Alhamisi mchana alikuwa anaweka mawe chini ya gurudumu. Jeki ikazama. Gari ikakaa kwa paja yake. Mimi nikachimba mchanga na sufuria, nikamvuta. Damu ilikuwa mingi. Akasema, Akko, leta ile waya, tupa juu ya mti. Mimi nimetupa mawe kwa fisi tangu msichana, nikatupa mara moja tu, ikashika. Akashika ile kitu ya kuongea. Akasema Riziki. Taa ikaenda chini, betri ilikuwa imekunywa maji. Hakuweza kusema tena. Lakini kusikia ilikuwa inasikia kidogo, shhh, shhh. Akaweka kwa sikio. Akaniambia, huyo atajibu. Akangoja. Ikanyamaza kabisa giza ikiingia."

Nilimuuliza alikufa lini. Nilidhani atasema Jumamosi usiku. Ndivyo nilivyotaka aseme.

"Ijumaa, kabla jua kutoka. Nikamfunika."

"Na aliita tena lini?"

Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Aite na nini?" Akanyoosha kidole kwenye turubai.

Mama, nikatazama. Turubai ilikuwa imefungwa kwa waya mwekundu. Kuanzia miguuni, kiunoni, kifuani, hadi shingoni, na mwisho wake fundo la wafugaji. Akko aliushusha waya mtini Ijumaa asubuhi, akamfunga nao ili fisi wasimfikie. Kijisanduku cha sabuni kilikuwa juu ya kifua chake. Mimi ndiye niliyeupima waya ule. Ijumaa jioni na Jumamosi jioni, niliposikia jina langu, haukuwa mtini, haukuwa kwenye redio, na redio haikuwa na uhai.

Walimwosha kwa maji ya laga, wakamswalia, wakamzika pale pale. Godana aliufungua waya taratibu, akaukunja, akanipa. "Shika waya yako, mwalimu. Sisi hatuwezi kukaa nayo."

Juma, hapa pumzika kidogo, umpe Mama maji. Kisha endelea.

Najua utakalosema, Mama. Utasema nilifanya ulivyonifunza, na kwamba ajali haikutokana na mimi. Ni kweli. Lakini Alhamisi ile ilikuwa wito wa mtu mwenye mwili, mwenye betri ya neno moja tu, naye aliweka redio sikioni akangoja. Angenisikia. Pengine tusingefika kwa wakati, pengine tungefika. Angalau asingekufa akidhani hakuna aliyesikia. Linaniuma, na nimeacha kujidanganya kwamba litapoa upesi.

Wiki nzima sikugusa redio. Ya pili nikautoa waya wake, nikautundika mahali pa wangu. Usiniulize kwa nini, nilihisi wangu hauna haki ya kukaa juu. Saa kumi na moja na nusu, ikaja: "Riziki." Safari hii sikungoja. Nikabonyeza, nikasema nipo, Galgalo, nakusikia. Nilipoachia kitufe mngurumo ulikuwa umeshuka. Kila anayetumia redio anaujua ukimya huo: ni wa mtu aliyeachia kitufe cha kwake na sasa anasikiliza.

Nikamwambia Tume, sikuweza kumficha. Kesho yake akaja, amejitanda shuka mpaka puani, akakaa mkekani. Nikachomoa spika ya masikioni ili naye asikie. Ilipokuja, alishika mdomo.

"Ni yeye," akasema. "Mwambie mbuzi ilifika yote. Mwambie Akko iko kwa binti yake. Mwambie deni ya maneno hakuna, sisi tumemsikia."

Nikabonyeza nikayasema yote, moja baada ya jingine, kama tulivyokuwa tukipelekeana habari siku zote. Ukimya ule ukakaa muda mrefu. Kisha mngurumo wa kawaida ukarudi, na radi zake. Tume akakunja shuka, akaenda kukamua. Tangu siku ile Galgalo hajaita tena, na mimi nilianza kulala.

Sasa nimefika mwisho, Mama, na mkono hautaki kuandika.

Juzi Jumamosi nilifungua redio kwa mazoea tu. Bendi ilikuwa safi, waya mtini, jua limeshuka. Saa kumi na moja na nusu nikasikia jina langu, mara moja. Haikuwa sauti ya Galgalo. Ilikuwa sauti yako. Si Riziki wanavyoita wote. Ni ile Riziki yako ya kuvuta mwisho, ukiwa mlangoni na mwiko mkononi, chakula kiko tayari na mimi niko kwa jirani.

Sikio liliuma pale pale. Sikulijali. Nikasema, "Labeka, Mama." Kisha mngurumo ukashuka.

Tangu hapo nimejaribu kila njia. Jana kutwa na leo asubuhi nimeita Mombasa kwenye meta arobaini, nikitafuta yeyote katika wenzake Baba wa redio anipigie simu kwenu. Hakuna aliyejibu. Kwenye ishirini nilimpata mzee mmoja wa ng'ambo, mpole sana, aliyeniambia hali ya hewa ya kwao kwa dakika kumi na asiyejua kwetu Kwale ni nini. Magari hayapiti, laga zimejaa upya. Godana anatoka sasa hivi na ngamia kuelekea Ngaremara, na barua hii ataivusha ndani ya mfuko wa plastiki, kisha ataitia kwenye basi mjini. Nilitaka kufuatana naye. Akaviangalia viatu vyangu, akatikisa kichwa. Nimempa pia namba ya Juma, aombe simu kwa mtu akifika penye mtandao. Juma, akikupigia mtu asiyejua ngeli, usimkatie. Mimi nitatoka na gari la kwanza litakaloweza kuvuka.

Huenda ni mawazo. Huenda uliliita jina langu kwa mazoea, umejisahau, ukadhani bado naishi hapo. Kama ni hivyo, nichekeni wote, na Juma anitanie mpaka achoke, nitafurahi kuliko siku zote. Shangazi, dada yake Baba, mpeni salamu na mwambieni ubani wake ninao bado. Mjomba wa mashine ya kusaga, wifi yangu na kitumbo chake, na mama mkwe wa Juma asiyesahau kuniombea mume, wote nawasalimu kwa heshima.

Mama, sijavunja amri yako hata mara moja maishani ila hii. Uliniita mara moja, nami nimeitika. Nimekaa chini ya waya, nasikiliza. Tafadhali, mama yangu, niite mara ya pili.

Mwanao,
Riziki